Kuomba Santa Fe Itangazwe Jiji Lisilofaa, Hasa kwa Dada Yangu

Santa Fe, New Mexico
Machi 26

Kwa Ndugu Mhariri,
Jarida la *Makao Mema*

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu wewe na wote mnaokaa ofisi moja, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta umeshiba na huna haraka, maana si fupi.

Mimi ni Orlinda Archuleta, mwenye umri wa miaka sitini na tisa, dereva mstaafu wa basi la shule. Nimezaliwa na kukulia katika nyumba hii ninayoandikia, kando ya mfereji ambao babu zangu waliuchimba kabla ya serikali yoyote kuja kutuuliza majina. Si mtu wa kuandikia magazeti. Niliwahi kuandika mara moja tu, kuhusu kibao cha barabarani kilichofichwa na mti, na mti ukakatwa ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo kalamu nawaachia wengine, ila nguvu yake naijua.

Katika toleo lako la Februari mlichapa makala yenye kichwa "Faida Kumi na Mbili na Hasara Tatu za Kuishi Santa Fe". Hasara tatu. Nyumba ni ghali, hewa ni nyembamba kwa sababu ya mwinuko, na migahawa hufunga mapema. Basi. Marehemu mume wangu nilimpenda kwa moyo wote, na bado nilikuwa namhesabia zaidi ya hasara tatu kabla hajamaliza kahawa ya asubuhi. Jiji zima lenye watu, mbwa na upepo, nyinyi mkaishia tatu.

Ningelinyamazia jambo hilo kama ninavyoyanyamazia mengi. Lakini nakala moja ya toleo hilo ilifika Fresno, California, kwenye chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, na ikaangukia mikononi mwa mwanamke wa miaka sabini na mitatu aliyevimba shavu. Mwanamke huyo ni Prajedes, dada yangu wa tumbo moja, aliyeondoka hapa Agosti miaka arobaini na moja iliyopita. Alizichana kurasa zenu akazitia kwenye mkoba, jambo ambalo mama yetu angemchapa kwa ajili yake, na kabla ganzi haijamtoka mdomoni alikuwa amenipigia simu. Anarudi kuishi. Amekwisha kuiuza nyumba yake. Kwa heshima zote, Ndugu Mhariri, nakushtaki wewe, na sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. *Jua.* Mmeandika kwamba tuna siku mia tatu za jua kwa mwaka, mkaziweka kuwa faida ya kwanza. Jua lisilokoma huitwa ukame. Ni kitu kilekile, ila kikiitwa jua hupigwa picha. Maharage yangu hayajawahi kunishukuru kwa siku ya mia mbili tisini na tisa. Prajedes alinisomea mstari huo kwenye simu kwa sauti ya mtu anayesoma wosia na kukuta jina lake: "Orli, ulijua tuna siku mia tatu za jua?" Nikamuuliza, "Wewe na nani?" Akacheka mpaka jino likamuuma tena. Mtu huyu aliondoka hapa mimi nikiwa na miaka ishirini na minane. Tangu hapo alirudi mara moja, alipofariki mama, akakaa siku tatu, akaondoka kabla hatujamaliza sala za siku ya tisa. Leo anasema "tuna". Neno hilo hakulipata kwangu. Kalipata kwenye ukurasa wako wa kumi na nne.

2. *Machweo.* Mmeyasifu machweo yetu kwa aya mbili, na matokeo yake ni jirani yangu Bi. Kessler. Alihamia hapa kutoka Connecticut miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya makala nyingine kama yenu. Kila jioni milima ikianza kuwa myekundu anasimamisha gari katikati ya kona, anateremka, anapiga picha, nami nafunga breki nyuma yake nikiwa na mayai kwenye kiti. Wiki iliyopita aliniambia, "Mama Orlinda, kweli huoni uzuri huu?" Nikamwambia, "Nauona, mwanangu, ila kila siku nauona juu ya paa la gari lako." Nimeendesha basi la watoto kwenye kona ile miaka thelathini na moja bila kumgusa hata kuku. Sasa nakaribia kuua mtu kwa sababu ya mawingu. Milima ile haikimbii. Itakuwapo kesho, tena itakuwa myekundu vilevile.

3. *Nyumba za udongo.* Faida ya nne kwenu. Mwandishi wenu amesema kuta za udongo "zinapumua". Zinapumua, naam, na zinakohoa, na zinaangukia kitanda. Nyumba ya udongo ni kama mgonjwa wa miaka mingi, lazima umpake dawa kila mwaka, na ukisahau mwaka mmoja anakuonyesha mbavu. Mwezi huu peke yake nimekanyaga udongo na majani makavu kwa miguu yangu mwenyewe, nikakipaka upya chumba cha nyuma, kile chenye vitanda viwili, ukuta wote wa kaskazini na dirisha. Nimefanya hivyo kwa sababu ya panya. Nimebadilisha na pazia, maana panya wa siku hizi wanachagua.

4. *Hewa safi.* Hapa nashindwa kujua kama mwandishi wenu alikuja Machi au alitumiwa maelezo kwa posta. Machi ndipo miti ya mreteni inapotoa vumbi lake la manjano, na jiji zima linapiga chafya. Padri wetu hawezi kufika kutoka kwa Baba hadi kwa Roho Mtakatifu bila kusimama kutafuta leso. Prajedes ndiye aliyekuwa akiumwa nalo kuliko watoto wote wa mtaa huu. Kila masika macho yake yalivimba yakafunga kabisa, na aliyempeleka shule kwa kumshika mkono ni mimi, mimi wa miaka sita, yeye wa miaka kumi, akiniamrisha njia nzima kana kwamba yeye ndiye anayeona. Sasa ana nyonga ya chuma juu ya hayo. Atahitaji mkono tena. Naomba ijulikane kwamba mkono wangu wa leo una baridi yabisi na si mzuri kushikwa.

5. *Chakula.* Mmeandika kwamba pilipili yetu ni "ya wastani". Nani alikwambieni? Pilipili yetu, nyekundu au ya kijani, haijawahi kuwa ya wastani ila kwa mtu aliyeagiza kuku mkavu. Tumbo la Prajedes limekaa miaka arobaini na moja likila zabibu kavu za Fresno. Atakaa mezani kwangu, atalia machozi kwa kijiko cha kwanza, na mtaa mzima utasema Orlinda hajamsamehe dada yake.

6. *Shahidi wenu.* Ili kuthibitisha hayo yote mmemnukuu bwana mmoja mwenye kofia kubwa aliyesema, "Ukifika Santa Fe, unajua umefika nyumbani." Nimeulizia. Ana miezi kumi na moja hapa. Bado hajapitia hata Machi mbili.

Mimi, Ndugu Mhariri, niliandika. Hili ndilo lililonifanya ninunue bahasha. Baada ya Prajedes kuondoka nilimwandikia kila masika kwa miaka kumi na minne. Nilimwandikia habari za mti wa aprikoti ulipochanua, na ulipopigwa na baridi kama kawaida yake ukatunyima matunda. Nilimwandikia nani kaoa, nani kafa, nani amempiga nani kwa beleshi kwenye mfereji. Mwaka mama alipoanza kusahau majina, nilimwandikia kwamba lake halisahau. Kila barua niliimaliza kwa maneno yaleyale, kwamba chumba kipo. Alikuwa anajibu kwa kadi yenye picha ya bahari: "Tutaona." Miaka kumi na minne ya "tutaona". Mwaka wa kumi na tano niliacha, kwa sababu mtu ana heshima yake.

Kisha mnakuja nyinyi. Ukurasa mmoja na nusu, na bwana mwenye kofia, na wiki sita baadaye anafunga masanduku. Sikuwahi kuwaza kumtajia siku za jua. Mimi nilidhani kumwambia mtu kwamba mama anamtaja kunatosha.

7. *Picha.* Nitaomba usome shtaka hili ukiwa umekaa. Kwenye ukurasa wa kumi na tano kuna picha kubwa ya uwanja wa majani mabichi, maua ya porini, mti wa aprikoti pembeni na milima nyuma, na chini yake mmeandika: "Mahali ambapo mkono wa mtu haujagusa." Mkono uliogusa ni huu unaoandika. Ule ni uwanja wa Prajedes.

Baba yetu alituachia viwanja viwili vilivyopakana, kila kimoja na hisa yake ya maji. Sisi wa mfereji tuna sheria moja kubwa kuliko zote, kwamba maji ni ya anayechimba. Kila Jumamosi ya mwisho ya Machi tunakutana asubuhi na mabeleshi. Msimamizi wa mfereji anapima kwa mpini wa beleshi lake, na kila mwenye hisa anapewa kipande chake atoe matope, majani yaliyooza na makopo ya bia. Usipochimba na usipoleta mtu wa kukuchimbia, lango lako linafungwa na maji yanakupita. Ukiendelea kutoonekana, mwisho wake jina lako linafutwa daftarini. Asiyekuwapo na lake halipo. Msimamizi wetu, Filadelfio Lucero, husema methali hiyo kila mkutano wa mwaka, na anaposema ananitazama mimi.

Tangu Prajedes aondoke nimechimba vipande viwili, changu na chake. Wakati wa marehemu baba yake Filadelfio nilichimba viwili, na wakati wa Filadelfio mwenyewe nachimba viwili. Nilichimba mjamzito na nilichimba mjane. Na kwenye mkutano, majina yanapoitwa, wanaita "Archuleta, Orlinda", nasema, "Yupo." Wanaita "Archuleta, Prajedes", nasema, "Yupo." Filadelfio anainua macho juu ya miwani, anauliza, "Yuko wapi, dada?" Nami namjibu, "Yuko msalani." Katibu anaandika yupo. Kwa miaka arobaini na moja, Ndugu Mhariri, dada yangu yuko msalani, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyewahi kwenda kugonga mlango.

Mwaka mmoja Filadelfio alinikuta nimeegemea beleshi nikihema kwenye kipande cha pili. Akasema, "Damu nzito kuliko maji, Orli, najua. Lakini mfereji huu haupitishi damu. Mwache mwenzako." Nikamwambia apime vipande vya watu wengine.

Hisa ya maji isiyotumika nayo inazua maneno, watu wakitaka ipewe mwingine, kwa hiyo kila zamu yake ya maji ikifika nafungua lango na kuumwagilia uwanja wake. Sikupanda kitu. Siwezi kupanda kwenye kiwanja cha mtu bila ruhusa yake, na ruhusa sikuomba. Nimemwagilia magugu. Katika jiji ambalo watu huoga kwa kuhesabu dakika, mimi nimenywesha magugu miaka arobaini na moja, yakawa mabichi, yakatoa maua, mkaja mkapiga picha na kuyaita asili. Prajedes aliniambia kwenye simu picha ile ndiyo iliyomliza pale kwa daktari wa meno, mpaka muuguzi akadhani ni jino. Hakujua ni wapi. Akaniuliza, "Hivi kwetu kumebaki na maji kweli, au kiwanja changu kimekauka?" Nikamwambia sijui, aulize msimamizi.

Msidhani ni mapenzi. Ulikuwa ukaidi. Nilitaka kwamba siku moja akija nimwambie, "Hiki hapa, kilivyokuwa, chukua, huna la kunidai." Nilikuwa nikiyasema maneno hayo huku nachimba. Lakini siku hiyo niliiwaza ili inipe nguvu ya kuchimba, sikutegemea kwamba ingefika kweli.

8. *Filadelfio.* Tangu nilipofanya kosa la kumwambia habari hizi, msimamizi wetu amenyoa masharubu aliyokuwa nayo tangu kijana, ameosha gari, na Jumapili alikuja kanisani na shati lenye mikunjo ya dukani. Ni mjane wa miaka sabini na minne mwenye magoti mabaya. Nilimuuliza, "Filadelfio, nani kafa?" Akasema, "Hakuna aliyekufa, dada. Mtu akisikia ugeni anajiweka sawa." Nikamkumbusha kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akasema beleshi ameshalitafuta, tena jepesi, kwa ajili ya nyonga. Jiji hili halikuwa na faida ya namna hiyo kwenye orodha yenu, na mimi sioni kama ni faida.

Sasa, Ndugu Mhariri, nitasema kinachoniuma bila kuzunguka. Prajedes hakuwahi kuukubali mji huu. Siku anaondoka alisimama pale mlangoni, mumewe, Mungu amrehemu, ameshawasha gari, akaniambia, "Orli, hapa hakuna kitu ila upepo na watu wanaokujua." Alisema kweli. Upepo upo, na watu wanamjua mtu mpaka ukubwa wa kiatu. Mji aliouacha ni huu huu. Anakokuja siko hapa. Anakuja kwenye ukurasa wa kumi na nne. Atafika, atakaa wiki mbili, atavimba macho, atalia kwa pilipili, atatafuta migahawa imefungwa, hatamwona bwana mwenye kofia, na asubuhi moja nitamkuta anakunja nguo. Mara ya kwanza nilimsindikiza mpaka gari likapotea kwenye kona, nikarudi ndani nikapika chakula cha watu watatu, mimi na mama tukakitazama. Sina nguvu ya kumsindikiza mara ya pili. Afadhali asije kabisa kuliko aje halafu aondoke.

Kwa sababu hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mambo yafuatayo:

(a) Kwamba toleo lijalo mchape makala nyingine yenye hasara arobaini na moja za kuishi Santa Fe. Nyingine nimekwisha kuwapa hapo juu. Zilizobaki nipigieni simu wakati wowote kabla ya saa mbili usiku, nitazitaja bila kurudia.

(b) Kwamba picha ya ukurasa wa kumi na tano ibadilishwe, mweke ya mwezi Aprili, upepo unavuma, mtu ameshika kofia na mdomo umejaa mchanga. Bi. Kessler anayo moja ya mimi mwenyewe nikikimbiza shuka. Yuko tayari kuitoa, na mimi niko tayari kudhalilika.

(c) Kwamba bwana mwenye kofia aje Jumamosi hii saa moja asubuhi kwenye mfereji, achimbe kipande kimoja tu, kisha arudie ile kauli yake kuhusu nyumbani.

(d) Kwamba mwandike makala ya kusifu Fresno. Mtu asiambiwe kwamba pepo iko upande mmoja tu wa jangwa. Semeni wana zabibu. Semeni wana madaktari wa meno hodari. Semeni mwanamke wa umri wake ana marafiki huko, ana kanisa, ana duka linalomjua, na kwamba si busara kwa mtu wa miaka sabini na mitatu kuacha vyote hivyo kwa ajili ya chumba cha nyuma chenye vitanda viwili.

(e) Kama yote hayo hayawezekani kwa sababu za kiuchapaji, basi Santa Fe iondolewe kwenye orodha za majiji mazuri, kwenye kalenda, kwenye kadi za posta, na, mkipata mtu wa kuzungumza na wachora ramani, kwenye ramani pia. Sisi wenyewe tunajua ilipo. Wanaohitaji kuijua tayari wapo, na wengine wako msalani.

Nakuhakikishia kwamba sina ubaya na jarida lako. Karatasi yake ni nzuri na inawasha moto haraka. Na kama mwandishi wa makala ile ni kijana, usimfukuze kazi. Mwambie tu kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kusoma kila neno na kuliamini, na kabla hajaandika kwamba mahali fulani ni pazuri, afikirie ni nani anayekaa pale na amezoeaje kungoja.

Nisalimie wahariri wenzako, mpiga picha aliyeruka uzio wangu, anayebandika stempu, anayepika chai ya ofisi, na familia zao zote. Bi. Kessler anakusalimu, ananiambia niongeze kwamba machweo ya jana yalikuwa bora kuliko ya makala. Filadelfio naye anakusalimu, na anauliza kama kuna nakala nyingine ya toleo la Februari, maana nakala yake ameikunjua na kuikunja mpaka imekatika. Nisalimie pia yule daktari wa meno wa Fresno ukimfahamu, umwambie kazi yake ni meno.

Nabaki, kwa masikitiko na heshima, mtumishi wako na mchimbaji wa vipande viwili,

Orlinda Archuleta

Nyongeza: Nimeisoma upya barua hii kabla ya kuilamba bahasha, na kuna jambo dogo la tarehe. Prajedes anakabidhi funguo za nyumba ya Fresno kwa wanunuzi tarehe 14 Mei. Akishazitoa, hana pa kurudi. Kwa hiyo kama mtaichapa barua hii, nawaomba sana, msiichape kabla ya tarehe 15. Yeye husoma jarida lenu kuanzia jalada mpaka matangazo ya magodoro, na akikuta hasara hata moja zaidi ya zile tatu anaweza kusita. Makala ya kusifu Fresno msiiandike kabisa. Toleo lenu la Aprili, kama bado halijaenda mitamboni, lisifieni jiji letu tena. Semeni jua, semeni milima, mkiona vyema semeni siku mia tatu na hamsini. Semeni mti wa aprikoti umechanua jana na mwaka huu haujapigwa na baridi, ambayo ni kweli, nimetoka kuuangalia sasa hivi. Semeni maji yapo. Na mkipata nafasi pembeni ya ukurasa, andikeni kwamba chumba kipo, ila msiseme ni nani aliyewaambia, maana nikisema mimi atajibu tutaona.